Maswali na Majibu: Dawa Inapobadili Kasi ya Kufyonzwa

Barua tulizochagua safari hii zote zinazunguka herufi mbili: ka, yaani sehemu ya dawa iliyobaki tumboni inayoingia kwenye damu kwa kila saa. Vitabu vingi huichukulia kuwa namba moja isiyobadilika, ilhali tumbo halifanyi kazi hivyo. Kidonge hukaa tumboni mpaka mlango wa chini ufunguke, kikapita utumbo mwembamba kwa muda wa saa 3 hadi 4 hivi, kisha kikaingia utumbo mpana ambako eneo la kufyonza ni dogo na maji ni machache. Atakayeshikilia ka moja kwa safari yote hiyo ataona makosa yake kwenye grafu.

Muda wa kubadilika umeganda

*Ndugu Mhariri, nina data ya watu 24 waliomeza kidonge cha miligramu 100 kinachoachia dawa taratibu. Damu ilitolewa kabla ya dozi, kisha saa 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24 baada yake. Modeli ya chumba kimoja (mwili wote ukichukuliwa kama chombo kimoja) yenye ka moja inakadiria juu mno saa ya kwanza na chini mno kwenye kilele. Nikaweka sharti la IF ndani ya $PK, sehemu inayokokotoa parameta kwenye NONMEM, programu ya kukadiria modeli za dawa mwilini: kabla ya muda TC itumike KA1, baada yake KA2. OFV (namba inayopima modeli ilivyo mbali na data, ikishuka ni vizuri) imeshuka pointi 31, lakini TC imeganda kwenye 2.5 niliyoanzia, na hatua ya kovariansi, inayopima uhakika wa makadirio, imegoma. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa uzamili, famasia*

Wazo lako ni zuri, ndugu. Tatizo ni mahali ulipoliandika.

Parameta za $PK hukokotolewa kwenye mistari ya data tu, na thamani iliyopatikana kwenye mstari fulani hutumika kwa kipindi chote kuanzia mstari uliotangulia hadi huo. Wewe una sampuli ya saa 2 na ya saa 3, katikati hakuna kitu. TC ikiwa 2.5, mstari wa saa 2 unapata KA1 na mstari wa saa 3 unapata KA2, kwa hiyo safari yote kutoka saa 2 hadi saa 3 inaendeshwa na KA2. Sasa weka TC iwe 2.1. Matokeo ni yale yale. Weka 2.9, bado ni yale yale. OFV haisogei hata kidogo mpaka uvuke 3, kisha inaruka ghafla. Programu inayotafuta njia kwa kupapasa mteremko ikikuta uwanda tambarare namna hiyo, inabaki ilipo. Ndiyo maana TC haikusogea, na ndiyo maana kovariansi imegoma: kwa parameta hiyo haikuwa na mteremko wa kupima. Zaidi ya hapo, ripoti yako inasema ka ilibadilika saa 2.5, kumbe ndani ya hesabu ilibadilika saa 2 kamili.

Dawa yake ni MTIME, ambayo huilazimisha programu isimame kwenye muda unaokadiriwa hata kama hakuna sampuli pale (THETA ni namba inayokadiriwa kwa watu wote, ETA ni tofauti ya mtu mmoja mmoja):

KA1=THETA(3)*EXP(ETA(3))
KA2=THETA(4)
MTIME(1)=THETA(5)
KA=KA1*(1-MPAST(1))+KA2*MPAST(1)

MPAST(1) ni 0 kabla ya muda huo na 1 baada yake. Mpe THETA(5) mipaka yenye akili, tuseme chini 0.5 na juu 8, ili isikimbilie mahali pasipo na sampuli. Na ujue kwamba MTIME inasoma saa ya data, haihesabu muda tangu dozi. Mgonjwa akimeza dozi ya pili saa 24, lazima uhifadhi muda wa dozi, uujumlishe kwenye MTIME(1), na uweke MTDIFF=1 kwenye mstari wa dozi ili muda upangwe upya. Hapa wengi huanguka: dozi ya kwanza inakaa vizuri, zilizofuata zote zinaendeshwa na KA2 tangu mwanzo, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea.

Njia ya pili, ambayo sisi huipenda zaidi kwa sababu utumbo wenyewe haubadiliki kama swichi ya taa, ni kuifanya ka ipande au ishuke polepole:

ka(t) = KA1 + (KA2 − KA1) · t^g / (t^g + T50^g)

T50 ni muda ambao nusu ya mabadiliko imetokea, na g ni ukali wa mteremko wake. Ukifunga g kwenye 10, karibu asilimia 80 ya mabadiliko hutokea kati ya mara 0.8 na mara 1.25 ya T50. Kwa T50 ya saa 2.5, hiyo ni kuanzia saa 2 hadi saa 3.1. Hapo OFV inaitikia kila T50 inaposogea, na mteremko upo. Hii inahitaji milinganyo iandikwe ndani ya $DES kwa kutumia T. Jumlisha 0.0001 kwenye t, la sivyo ukiamua kuikadiria g, programu itatafuta logi ya sifuri kwenye saa ya dozi na kukurudishia takataka. Usihamishe lile sharti la IF kwenda $DES ukadhani umepona. T ya mle inatiririka kweli, ila kitatuzi kinaruka juu ya kona kali kwa hatua zake chenyewe, na OFV inakuwa na meno kama msumeno.

Tuseme neno juu ya zile pointi 31. Usizipime kwa jedwali la kawaida la 3.84 kwa parameta moja au 5.99 kwa mbili. Jedwali hilo linadai modeli ndogo iwe hali ya kawaida ya ile kubwa, na hapa KA1 ikilingana na KA2, TC haina maana yoyote tena. Inaweza kuwa namba yoyote. Kwa hiyo tengeneza seti mia kadhaa za data za kuiga kutoka kwenye modeli ya ka moja, zikadirie kwa modeli zote mbili, uone OFV hushuka kiasi gani kwa bahati tu. Pointi 31 huenda zikasimama imara, lakini msomaji wa tasnifu yako ana haki ya kuonyeshwa.

Na kabla ya yote hayo, jaribu modeli ya Weibull iliyoelezwa chini. Grafu inayoanza taratibu kisha ikaharakisha mara nyingi hutosheka nayo, kwa parameta moja pungufu.

Kuona kabla ya kuandika modeli

*Mhariri, kuna namna ya kujua kama ka inabadilika kabla sijaandika mstari hata mmoja wa modeli? — Mchambuzi wa data*

Ipo, na ni ya zamani: Wagner na Nelson. Kwa dawa ya chumba kimoja, dawa iliyokwisha kufyonzwa kufikia muda t ni ile iliyomo mwilini pamoja na ile iliyokwisha kutoka:

sehemu iliyofyonzwa = (C + k · AUC hadi t) / (k · AUC yote)

C ni mkolezo wa dawa kwenye damu, k ni kasi ya dawa kutoka mwilini, na AUC ni eneo chini ya grafu ya mkolezo.

Chukua dozi ya miligramu 100, k ya 0.2 kwa saa, AUC yote 20 mg·saa/L. Hapo usafishaji, CL/F, ni 100/20 = 5 L kwa saa, na ujazo, V/F, ni 5/0.2 = 25 L. Saa 2 baada ya dozi mkolezo ni 1.5 mg/L na AUC ya kufikia hapo ni 1.6. Juu ya mstari: 1.5 + 0.32 = 1.82. Chini: 4. Jibu ni 0.455. Hakiki kwa miligramu: mwilini mna 1.5 × 25 = 37.5, iliyotoka ni 5 × 1.6 = 8, jumla 45.5 kati ya 100. (F ni sehemu ya dozi inayofika kwenye damu. Tunahesabu kama ni 1; ikiwa si 1, namba hii ni sehemu ya kile kilichofika kwenye damu.)

Fanya hivyo kwa kila sampuli ya kila mtu, kisha chora logi asilia ya sehemu ambayo bado haijafyonzwa dhidi ya muda. Mstari ulionyooka ni oda ya kwanza, ka moja inatosha. Ukianza bapa kisha ukaporomoka, kuna kuchelewa au ka inapanda. Ukianza kwa kuporomoka kisha ukalala, ka inashuka, jambo la kawaida kidonge kikishafika utumbo mpana. Na kama sehemu iliyofyonzwa yenyewe, bila logi, ndiyo inayopanda kwa mstari ulionyooka, hiyo ni oda sifuri: kidonge kinatoa kiasi kilekile kila saa.

Usiamini nukta za mwisho, sehemu iliyobaki ikiwa chini ya asilimia 5 hivi. Kosa dogo la maabara pale hugeuka dubwana ukichukua logi. Kama dawa ina vyumba viwili, tumia Loo na Riegelman, au dekonvolusheni ukiwa na data ya sindano ya mshipani. Wagner na Nelson kwenye dawa ya vyumba viwili hukuonyesha mabadiliko ya ka ambayo hayapo.

Weibull au vyumba vya kupitia?

*Naona makala nyingine zinatumia Weibull, nyingine vyumba vya kupitia, nyingine muda wa kuchelewa tu. Nichague kwa kigezo gani? — Mtafiti, maabara ya dawa*

Tuanze na muda wa kuchelewa, ALAG1 kwa watumiaji wa NONMEM. Unasema hakuna kitu kabisa mpaka dakika fulani, kisha mlango unafunguka wote. Ni rahisi, ila ile kona kali huwasumbua wakadiriaji: mtu mwenye sampuli chache za mwanzo hurukaruka kati ya thamani mbili, na OFV hubadilika ukibadili namba za kuanzia.

Weibull ina Td na beta. Sehemu iliyofyonzwa ni 1 − exp(−(t/Td)^beta), na kwenye muda Td imefika asilimia 63.2 bila kujali beta. Weka Td = saa 3 na beta = 1.6. Saa 1, asilimia 15.8 imefyonzwa, saa 2, asilimia 40.7, saa 6, asilimia 95.2. Linganisha na ka moja ya 1/3 kwa saa: 28.3, 48.7, na 86.5. Tazama pengo la saa ya kwanza na la saa ya 6: modeli ya ka moja inatoa nyingi mno mapema na kuburuta mno mwishoni. Kasi yenyewe, (beta/Td)·(t/Td)^(beta−1), inapanda kutoka 0.276 saa 1 hadi 0.533 saa 3 na 0.808 saa 6. Beta ikiwa 1 unarudi kwenye oda ya kwanza. Ikiwa chini ya 1, kasi ya saa sifuri haina kikomo, kwa hiyo ongeza kitu kidogo kwenye t.

Vyumba vya kupitia, yaani mfululizo wa vyumba ambavyo dawa hupita kimoja baada ya kingine kabla ya kufyonzwa, kwa umbo lililoenezwa na Savic na wenzake mwaka 2007, vinatumia wastani wa muda wa kupita, MTT, na idadi ya vyumba, n, ambayo si lazima iwe namba kamili. Kasi ya kutoka chumba hadi chumba ni (n+1)/MTT. MTT ya saa 1.5 na n ya 5 inatoa 4 kwa saa, na dawa inawasili ikiwa imetawanyika kwa saa 1.5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani saa 0.61. Kadiri n inavyokua, mtawanyiko unabana na unakaribia ule muda wa kuchelewa wa kona kali. Ukiona n imefika 60 na bado inapanda, data inakuambia kwamba inataka kuchelewa tu.

Makosa mawili ya vyumba hivi tunayaona mno kiasi kwamba tunaomba kila mmoja ayabandike ukutani. La kwanza: dozi inaingizwa kwa mlinganyo, na mtu anasahau F1=0, hivyo dozi inaingia mara ya pili kupitia mstari wa data. Dalili yake ni CL/F iliyo mara mbili ya dozi gawanya AUC. Kwa dawa yetu ya juu, modeli ingekupa kama 10 badala ya 5. Hesabu hiyo ni ya dakika moja. Ifanye kila mara. La pili ni kukadiria n! (zao la namba 1 hadi n, lililomo kwenye mlinganyo huo) kwa fomula ya Stirling. Kwa n = 5 inakupa 118 badala ya 120, si kitu. Kwa n = 1 inapungua asilimia 8, na kwa n = 0.3 asilimia 21, na kosa hilo hujificha ndani ya F bila kukuaga. Tumia GAMLN(n+1), yaani logi ya n! yenyewe.

Uchaguzi wetu? Kama dawa inayeyuka upesi na kinachochelewesha ni tumbo kufunguka, vyumba vya kupitia vina maana ya kibiolojia. Kama kinachotawala ni kidonge kuachia dawa, Weibull, kwa sababu hata grafu za kuyeyuka za maabara mara nyingi huelezwa kwa umbo hilohilo. Modeli hizi mbili hazimo moja ndani ya nyingine, kwa hiyo zipime kwa AIC au BIC, vigezo vinavyoadhibu parameta za ziada, wala si kwa tofauti ya OFV na jedwali. Ukiwa na dozi za kurudia, angalia kama ya zamani imekwisha kufyonzwa kabla mpya haijaingia. Isipokwisha, saa ya t inaanzishwa upya na kuiburuta dawa ya zamani nayo. Tibu kwa kupeleka dozi kwa zamu kwenye vyumba viwili tofauti, kila kimoja na saa yake.

V kubwa kupita kiasi

*Sindano ya mshipani ilitoa ujazo wa lita 40. Kidonge cha kuachia taratibu kinatoa V/F ya lita 175, CL/F ni ileile 14. Inawezekanaje? — Mfamasia*

ka na k zimebadilishana viti. Dawa inapofyonzwa polepole kuliko inavyotoka, mkia wa grafu unaonyesha ufyonzwaji badala ya utokaji. Mlinganyo wa mdomoni una majibu mawili yanayofanana kabisa kwenye grafu: CL/F haiguswi, ila V/F huzidishwa kwa k/ka. Kwako k ya kweli ni 14/40 = 0.35. Ukigawanya 14 kwa 175 unapata 0.08, nayo ndiyo ka yako ya kweli. Ukiwa na data ya sindano, zikadirie pamoja. Ukiwa huna, lazimisha mpangilio kwa kuandika k = ka + THETA yenye mpaka wa chini wa sifuri, na ueleze kwenye ripoti kwamba umeulazimisha na kwa nini.

Vilele viwili

*Karibu nusu ya washiriki wangu wana kilele cha pili saa 4 hadi 5. Ni kosa la maabara? — Mchambuzi*

Likijirudia kwa nusu ya watu kwenye saa zilezile, maabara haina hatia. Ranitidine na cimetidine zinajulikana kwa tabia hii. Tumbo linaweza kutoa dawa kwa mikupuo miwili, utumbo unaweza kuwa na sehemu mbili zinazofyonza vizuri, au dawa inatoka na nyongo na kurudi. Swali la kutenganisha ni moja: baada ya sindano ya mshipani, kilele cha pili kipo? Kikiwepo, ni nyongo, na kuichezea ka hakutasaidia kitu. Kisipokuwepo, andika dozi moja kwenye mistari miwili ya data, kila mmoja kwenye chumba chake, F1=FR na F2=1−FR, na ALAG2 kwa mkupuo wa pili. Ibane FR kati ya 0 na 1 kwa umbo la lojiti. Kwa wale wasio na kilele cha pili FR ya kila mtu itakaribia 1, na hapo ALAG2 yao haina maana, msiisome.

Waliokula kabla ya dozi na waliofunga wachorwe kando kando. Mara nyingi huko ndiko jibu lilikolala. Na kama mtu mmoja alipimwa siku mbili, ruhusu ka na MTT zitofautiane kati ya siku na siku. Tumbo la mtu wakati wa njaa lina mzunguko wa dakika 90 hadi 120, na hakuna ajuaye kidonge kimeangukia wapi kwenye mzunguko huo.

Kwa ufupi

*Sampuli za mwanzo zilizo chini ya kikomo cha kipimo nizifute?* Hapana. Kwenye ufyonzwaji, sampuli ya dakika 15 isiyosomeka ndiyo ushahidi kwamba dawa haijaanza kuingia. Ukiifuta, muda wa kuchelewa unapungua kwa uongo. Tumia njia ya M3, inayohesabu uwezekano wa mkolezo kuwa chini ya kikomo.

*Nina sampuli za kabla ya dozi tu, nikadirie ka inayobadilika?* Hata ile moja usiikadirie. Ifunge kwenye thamani ya utafiti wenye sampuli nyingi, kisha endesha tena ukiipandisha na kuishusha kwa asilimia 50. Kama CL/F haijasogea, endelea nayo.

*Muda niliopanga au muda halisi wa kutoa damu?* Halisi. Dakika 10 za kuchelewa kwenye saa 24 si neno, lakini kwenye sampuli ya saa 0.5 ni theluthi nzima ya muda, na mkolezo pale unapanda kwa kasi. Tumeona ka "zinazobadilika" zilizotoweka kabisa baada ya mtu kurudi kwenye fomu za wauguzi na kuandika saa ilivyosomeka.